Mafuta Yanayopenya na Vanishi Inayong'aa



Wapendwa Taifa la Mungu, juma hili tunawaalika mtafakari pamoja nasi jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza laweza kuonekana ni la mafundi kuliko la waamini: namna ya kuuhifadhi mti unaokaa nje, juani na mvuani. Wengi wenu mmekwisha kutuuliza kwa nini baraza mpya ya mbao, ile iliyojengwa mbele ya kikanisa cha Kuabudu Ekaristi Takatifu, haing'ai kama meza ya sebuleni, na kwa nini ilikaa wiki sita bila kupakwa chochote hali sikukuu ya Kipaimara ilikuwa inakaribia. Swali hilo ni la haki, kwa kuwa fedha iliyotumika ni sadaka yenu. Tumeona ni wajibu wetu kulijibu, na katika kutafuta jibu tumekutana na mambo yanayozihusu roho zetu pia.

Tukumbushane kwanza kwa nini baraza ile ilijengwa. Mlango wa kikanisa uko juu ya ngazi 5 za saruji, nao bibi na babu zetu wanaotembea kwa mkongojo, pamoja na ndugu zetu wawili wanaotumia viti vya magurudumu, walikuwa wakisali uani huku wengine wakiwa ndani. Halmashauri ya Walei iliamua kujenga sakafu ya mbao yenye mteremko mpole, urefu wa meta 12 na upana wa meta 3, ili kila mmoja afike mbele ya Bwana bila kubebwa. Kwa hiyo tunapozungumza juu ya kuzitunza mbao hizi, tunazungumza juu ya miguu ya wazee. Ubao ukioza wataanguka wao kwanza, na ubao ukiteleza watateleza wao kwanza.

Sasa tuwatazame adui. Mti uliokatwa na kupasuliwa mbao bado huvuta unyevu na kuutoa. Mvua ikinyesha, ubao huvimba katika upana wake. Jua likiwaka, husinyaa. Kuvimba na kusinyaa huko, kukirudiwa siku baada ya siku, huupasua uso wa ubao, na kila ufa unakuwa mlango wa maji mengine. Jua nalo lina kazi yake: miali yake isiyoonekana kwa macho huivunja lignini, yaani gundi ya asili inayozishikanisha nyuzi za mti, na ndiyo sababu mbao za nje hugeuka kijivu na kuwa na vinyuzi vinavyochoma mkono. Mwisho huja kuvu. Mti wenye unyevu usiozidi asilimia 20 kwa kawaida hauozi. Ukikaa na maji zaidi ya hapo kwa muda mrefu, kuvu hupata makao. Sisi wa pwani tunaongezewa hewa ya chumvi, inayokula misumari ya kawaida, na mchwa ambao hawahitaji kutambulishwa kwenu.

Mbao zetu ni za paina, zilizotoka nyanda za juu kusini, upande wa Mufindi, liliko Sao Hill, shamba la miti lililo kubwa kuliko mashamba yote ya serikali nchini. Paina ni mti laini, hivyo mbao zake za kutumika nje hutiwa dawa kiwandani kwa mgandamizo mpaka iingie ndani, na hapo hupata ile rangi ya kijani hafifu. Baadhi ya wajumbe walisema kwamba kwa kuwa dawa imekwisha kuingia, hakuna haja ya kupaka kitu kingine. Walisema kwa nia njema ya kubana matumizi. Lakini dawa ile huzuia mchwa na kuvu; haizuii jua kuchubua uso wa ubao, wala haizuii maji kuingia na kutoka na kuupasua. Ubao uliotiwa dawa na kuachwa bila kinga hautaoza upesi, ila utapinda, utapasuka, na vichwa vya skrubu vitainuka na kungoja vidole vya mguu.

Hapa tuongeze onyo kwa akina mama na vijana wetu. Dawa inayotumika sana kwa nguzo na mbao za aina hii ina shaba, kromi na aseniki. Nchini Marekani viwanda viliacha kuitia katika mbao za matumizi ya kawaida ya majumbani mwishoni mwa mwaka 2003, kwa sababu ya hiyo aseniki. Mbao ikikaa mahali pake na kufunikwa vizuri, inatumika. Lakini vipande vilivyobaki visichomwe jikoni hata kidogo, kwa maana moshi wake na majivu yake ni sumu. Ndiyo maana vipande vyote vya baraza yetu vilikusanywa na kufungiwa stoo, ingawa tuliona macho ya wengi yakivitazama kama kuni.

Wapendwa, mbele ya Halmashauri yalikuja mapendekezo matatu.

La kwanza lilikuwa oili chafu ya magari. Muumini mmoja mwenye gereji alijitolea kuitoa bure, nasi tunamshukuru kwa moyo wake. Wengi wetu tumekua tukiona nguzo za uzio zikipakwa oili hiyo kufukuza mchwa. Lakini oili iliyokwisha kutumika katika injini hubeba mabaki ya metali na kemikali zenye madhara kwa afya. Haikauki vizuri, huchafua kanga na kanzu, huteleza, na mvua ikinyesha huoshwa na kushuka ardhini. Upande wa chini wa baraza ile kuna bustani ya mchicha ya WAWATA, na hatua chache mbele yake kuna kisima. Hayati Papa Fransisko alitufundisha katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015 kwamba kilio cha dunia na kilio cha maskini havitenganishwi. Waswahili walikwisha kusema, rahisi huvunja upishi. Kitu cha bure kinachomwagwa katika maji ya jirani hulipiwa, ila hulipiwa na mwingine.

La pili lilikuwa vanishi. Pendekezo hili lilikuwa gumu kwetu kulikataa, kwa sababu lilikuja na machozi. Familia moja iliyofiwa na baba yao mwaka uliotangulia ilikuwa imekwisha kununua makopo ya vanishi ya kung'aa pamoja na sila yake, wakitaka yapakwe kwenye baraza kwa kumbukumbu ya marehemu, na wakiomba kazi iishe kabla ya Baba Askofu kufika kwa Kipaimara. Ni nani asiyependa askofu akute mahali panametameta?

Tukamwita fundi, mzee aliyeunda mashua kwa miaka mingi kabla ya kugeukia useremala wa majumbani, tukamwomba atueleze bila kuficha. Akasema, "Baba, vanishi inakaa juu ya mti. Mafuta yanakaa ndani ya mti. Jua likija, tutaona nani ni mwenyeji na nani ni mgeni."

Akatufafanulia. Vanishi huwa kama ngozi ngumu inayofunika uso wa ubao. Ndani ya nyumba hupendeza na kudumu. Zipo pia vanishi za nje zenye kinga ya jua, nazo hufaa kwa milango na madirisha yaliyo chini ya paa. Lakini sakafu iliyo wazi hukanyagwa, na ubao wake huvimba na kusinyaa kila siku. Ngozi ile hupata nyufa ndogo, maji hupenya chini yake, yakishaingia hayana pa kutokea, na ubao unaanza kuharibika huku juu bado unang'aa. Baadaye hubanduka magamba, na ukitaka kupaka upya sharti ukwangue yote ya zamani kwanza. Tena, uso wa kung'aa ukilowa huteleza. Sisi tuliposikia neno hilo tuliwakumbuka bibi zetu na mikongojo yao.

La tatu ndilo tulilolichagua: rangi ya mafuta inayopenya, isiyofanya ngozi, yenye chembe za rangi ya udongo ndani yake. Chembe hizo zina maana. Mafuta meupe yasiyo na rangi huzuia maji kwa kiasi, lakini huliacha jua lipite mpaka kwenye mti. Chembe za rangi ndizo zinazokuwa mwavuli. Rangi ya namna hii haimetameti. Huisha polepole kwa kufifia badala ya kubanduka, na inapofifia hakuna cha kukwangua: unaosha, unaacha ikauke, unapaka tena. Gharama yake ni kubwa kidogo, na ina sharti moja ambalo vanishi huahidi kutuondolea na kisha haituondolei, yaani lazima tuirudie, pengine kila mwaka katika sehemu zinazopigwa sana na jua.

Kuhusu ile vanishi, tulikwenda nyumbani kwa mama mjane pamoja na mwenyekiti wa jumuiya yake. Tulimwambia, "Mama, zawadi hii hatuikatai. Tunaomba utuachie tuiweke mahali itakapodumu." Alinyamaza kidogo, kisha akauliza ni mahali gani. Tukamwambia: kwenye mabenchi ya kikanisa na kwenye kiti cha maungamo, ambako jua halifiki. Akasema, "Basi Baba, watu watakaa na kupiga magoti juu ya kumbukumbu yake. Hiyo ni bora kuliko kuikanyaga." Tangu siku hiyo tumemfikiria Mtume Paulo na mafundisho yake juu ya karama nyingi za Roho mmoja. Mara nyingi katika parokia zetu tunaumizana, si kwa kukosa karama, bali kwa kuilazimisha karama mahali pasipo pake. Mwenye sauti nzuri anapewa hesabu, mwenye hesabu anapewa kuhubiri, na wote wawili wanaonekana hawafai.

Sasa juu ya wiki sita za kungoja. Mbao zilifika katikati ya mwezi wa sita zikiwa bado na maji ya dawa ndani yake. Tulitumia majira ya kipupwe, mvua za masika zikiwa zimepita, tukaziacha zikauke mahali pake. Vijana wa VIWAWA walikosa subira, wakatuuliza tunangoja nini. Fundi akachukua kikombe cha maji, akamwaga matone machache juu ya ubao. Matone yakakaa juu, yakang'aa kama shanga. Akasema, "Huyu bado ameshiba. Mti haunywi kwa kulazimishwa. Hunywa ukiwa na kiu." Mwishoni mwa mwezi wa saba alirudia jaribio lile, na matone yakazama na kuacha doa. Ndipo tukaanza.

Waamini wapendwa, neno lile la fundi lilitugusa sisi tunaofundisha Kipaimara. Tunaweza kumharakisha kijana, tukamkaririsha maswali na majibu, tukamvika nguo nyeupe, na picha zikapendeza. Lakini kama moyo wake bado umejaa mambo mengine, kile tunachompa kitakaa juu kama matone yale. Kazi ya katekista, na kazi ya wazazi kabla ya katekista, ni kuiandaa kiu.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi, nasi tunaieleza kwa kuwa baadhi yenu mna mbao za nje nyumbani. Sakafu ilifagiliwa na kuoshwa kwa maji na brashi ngumu, ikaachwa siku 3 za jua. Ikapigwa msasa namba 80 kufuata nyuzi za mti, si msasa laini sana, kwa maana ubao uliolainishwa kupita kiasi huziba vinyweleo vyake na kukataa mafuta. Kwa kuwa msasa hutoa vumbi lenye ile dawa, kila aliyepiga msasa alivaa barakoa, na vumbi likakusanywa badala ya kupeperushwa. Ncha za mbao, mahali msumeno ulipokata, zilipakwa kwanza na kurudiwa, kwa sababu hapo ndipo mti hunywa maji kuliko popote. Upakaji ulifanyika asubuhi na jioni, kwani juani mafuta hukauka kabla ya kuzama. Baada ya dakika kama 20 mafuta yaliyobaki juu yalipanguswa kwa kitambaa, maana mafuta yasiyozama hubaki yakinata na kukusanya vumbi. Kopo lilisema lita 1 hutosha meta 8 za mraba. Baraza yetu ina meta 36 za mraba, tena tulipaka mikono miwili na kulikuwa na vizuizi vya pembeni, kwa hiyo tulinunua lita 12, na kilichobaki kimehifadhiwa.

Vipo vile vitambaa. Tunaomba mlisikie hili vizuri. Kitambaa kilicholowa mafuta yanayokauka, kama mafuta ya kitani, kikikunjwa na kutupwa pembeni, chaweza kuwaka chenyewe bila kiberiti. Mafuta yale yanapokauka hutoa joto. Kitambaa kikiwa kimetandazwa joto hutoka, kikiwa kimekunjwa joto hujikusanya ndani mpaka likawa moto. Vitambaa vyetu vilitandazwa uani kimoja kimoja mpaka vikakauka kabisa. Wapo pia wanaovitumbukiza kwenye debe la maji lenye mfuniko. Ndugu zetu, tunajua nyumba ambazo hazikuchomwa na kiberiti cha mtu yeyote. Zilichomwa na uchungu uliokunjwa na kuwekwa pembeni, mwaka baada ya mwaka, mume hasemi, mke hasemi, mpaka jioni moja ya kawaida ukawaka. Leteni uchungu wenu hewani ungali mbichi. Utandazeni mbele ya mwenzenu, na mbele ya kiti cha maungamo.

Wapendwa, Maandiko Matakatifu yanajua kazi hii ya kupaka. Katika Kitabu cha Mwanzo, sura ya 6, Nuhu anaagizwa kuipaka safina lami ndani na nje. Wazee wetu wa pwani nao walivipaka vyombo vyao mafuta ya sifa yatokanayo na papa, na sehemu ya chini wakaipaka deheni, mchanganyiko wa mafuta na chokaa. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Nasi tungeongeza kwamba vimepakwa pia, na vimepakwa tena na tena. Na katika Injili ya Mathayo, sura ya 23, Bwana wetu anawakemea wale wanaofanana na makaburi yaliyopakwa chokaa. Hakuwakemea kwa kupaka. Aliwakemea kwa sababu kilichopakwa hakikufika ndani.

Kanisa hutupaka mafuta. Katika Misa ya Krisma askofu hubariki Mafuta ya Wakatekumeni na Mafuta ya Wagonjwa, na kuiweka wakfu Krisma Takatifu, mafuta yaliyochanganywa na zeri. Mama Kanisa angeweza kuchagua kitu kinachong'aa zaidi kuliko mafuta. Alichagua kitu kinachozama katika ngozi, ambacho baada ya saa chache hakionekani tena.

Lakini tuwe waangalifu, kwa maana kila mfano una mpaka wake. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1121, inafundisha kwamba Ubatizo, Kipaimara na Daraja Takatifu hutia alama isiyofutika, na kwa hiyo sakramenti hizi hazirudiwi kamwe. Muhuri wa Roho Mtakatifu haufifii kama rangi ya baraza. Kinachofifia ni sisi. Ndiyo maana Mtume Paulo, akimwandikia Timotheo barua ya pili, hamwambii akapokee karama nyingine. Anamhimiza aichochee ile aliyokwisha kuwekewa. Na kwa kuchochea huko Mungu ametupa Kitubio na Ekaristi, ambazo hurudiwa mpaka siku ya mwisho. Mkristo asemaye "nilishapata Kipaimara, yatosha" anafanana na yule aliyesema dawa imekwisha kuingia. Amesema kweli juu ya dawa, ila amelisahau jua.

Baba Askofu alifika katikati ya mwezi wa nane. Hakusema lolote juu ya sakafu, wala hakuna aliyeitazama. Tuliwaona bibi wanne wakipanda mteremko ule bila kushikwa mkono, na kiti kimoja cha magurudumu kikifuata nyuma yao. Kwetu hilo lilitosha kuonyesha kwamba pesa yenu ilikwenda mahali pake.

Limebaki jambo la mbele, nalo ndilo zito kuliko kuchagua kopo. Sisi mapadre huhamishwa. Paroko atakayekuja baada yetu huenda asijue baraza hii ilipakwa nini wala lini. Kwa hiyo Halmashauri imeandika katika daftari la parokia aina ya mafuta, tarehe na kipimo, na jumuiya ndogo ndogo zimepangiana zamu: kila mwaka mwishoni mwa mwezi wa saba, jumuiya moja itafagia, itamwaga matone ya maji juu ya mbao, na yakizama, itapaka. Jumuiya ya kwanza katika zamu hiyo ni ile ya mama mjane. Aliiomba mwenyewe.

Kwa juma hili tunawaombeni kila mmoja afanye jaribio la matone katika nyumba yake na katika moyo wake. Neno la Mungu la Jumapili iliyopita lilizama, au lilikaa juu? Kama lilikaa juu, tusikate tamaa wala tusitafute vanishi ya kulifunika. Tuoshwe, tukauke, tungoje kiu, kisha twende tukapakwe.

Mungu Mwenyezi awabariki, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Amina.

Paroko wenu